Maji ya Kinamasi Yana Wenyewe



Huenda msomaji akashangaa kuona kijitabu cha Haki na Amani kinazungumzia ndege. Amezoea kusoma humu habari za mashamba yaliyonyang'anywa, za wajane walionyimwa urithi, za mahabusu wanaosubiri kesi zao miaka na miaka. Ndege wa majini wana nini na haki? Hawana shamba, hawana kesi, wala hawapigi kura.

Jibu letu ni kwamba ndege wa kinamasi ni shahidi wa kwanza. Maji yanapopungua isivyo kawaida, yeye huona kabla ya mvuvi, mvuvi huona kabla ya mfugaji, na mfugaji huona kabla ya mtu wa mjini mwenye bomba nyumbani. Wote hao wanne wanategemea maji yale yale. Anayemdharau shahidi wa kwanza atakuja kulazimika kumsikiliza wa nne, na hapo saa itakuwa imekwisha kupita.

NCHI YA MAJI KATIKA NCHI KAVU

Mgeni anayeingia Tabora mwezi wa Septemba huona vumbi, miyombo iliyopukutisha majani, na mbuga nyeusi zilizopasuka kama mguu usiopakwa mafuta. Hawezi kuamini kwamba magharibi ya hapo, kuelekea Uvinza na Kigoma, pana mojawapo ya maeneo makubwa ya ardhi oevu katika Afrika nzima. Ndilo bonde la Malagarasi na Muyovozi. Humo hukutana mito ya Malagarasi, Moyowosi, Kigosi, Gombe na Ugalla, pamoja na maziwa ya Sagara na Nyamagoma, katikati ya mafunjo yasiyo na mwisho.

Mwaka 2000 Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Ramsar, ambao mataifa yaliutia sahihi mwaka 1971 katika mji wa Ramsar nchini Iran kwa ajili ya kuhifadhi ardhi oevu. Eneo la kwanza ambalo nchi yetu iliandikisha ni hili la Malagarasi na Muyovozi, lenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 32,500. Nchi nzima ya Ubelgiji haifikii ukubwa huo. Natron, Kilombero, na Rufiji pamoja na Mafia na Kilwa zilifuata baadaye. Sisi wa magharibi tulitangulia, ingawa wengi wetu hatukupata kuambiwa.

Babu zetu waliyajua maji haya vizuri kuliko sisi. Njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na kufika Unyanyembe, iliendelea kuelekea Ujiji, na hapo katikati ilikuta Mto Malagarasi. Hapakuwa na daraja. Wakuu wa Uvinza walitoza ushuru wa kuvusha watu kwa mitumbwi, na hakuna mfanyabiashara, awe Mwarabu, Mnyamwezi au Mzungu, aliyeuepuka. Stanley alivuka hapo mwishoni mwa kiangazi cha mwaka 1871, alipokuwa akimtafuta Livingstone. Huo ni wakati ambao mito ya nchi hii huwa imeshuka kabisa. Hata hivyo alihitaji mitumbwi, akalipa ushuru, na punda wake mmoja akachukuliwa na mamba katika kuvuka.

Wapagazi wa Kinyamwezi nao walipanga maisha yao kwa kufuata maji. Waliondoka kwenda pwani baada ya mavuno, mbuga zilipokauka na njia kupitika, wakajitahidi kurudi kabla ya mvua ili wawahi kulima. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilifuata karibu mkondo ule ule wa misafara. Tangu hapo msafiri huuvuka Malagarasi akiwa amelala katika behewa. Labda hapo ndipo tulipoanza kuusahau.

KUPUNGUA KWA WAKATI NA KUPUNGUA KABLA YA WAKATI

Yafaa tuelewane jambo moja mapema. Maji kupungua wakati wa kiangazi si balaa. Nchi yetu ina msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili hivi, na kinamasi kimezoea kujaa na kushuka kama kifua cha mtu anayevuta pumzi. Ndege wengi hutegemea huko kushuka. Maji yanapojivuta polepole, samaki hukusanyika katika vidimbwi, na hapo korongo, mwari, mnandi, yangeyange na furukombe hula na kulisha makinda yao. Kinamasi kisichoshuka kamwe kingewapa ndege taabu.

Taabu yetu ni ile ya maji kushuka mapema mno, kwa kasi mno, na kufika chini mno. Tuchukue mfano wa ndege mmoja ambaye dunia nzima inamwonea wivu mwenye naye. Ni ndege mrefu wa rangi ya kijivu, mwenye mdomo mpana mfano wa kiatu, ambaye wengine humwita korongo nyangumi. Hapatikani ila katika vinamasi vichache vya Afrika, hasa Sudan Kusini, Uganda, mashariki ya Kongo, Zambia, na hapa kwetu magharibi ya Tanzania. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba duniani kote wamebaki kati ya 5,000 na 8,000.

Ndege huyu huwinda kwa kusimama kimya ukingoni mwa mkondo, hata saa nzima, akimngoja kambare au kamongo apande juu kuvuta hewa. Hujenga tago lake juu ya majani yanayoelea au katika kisiwa kidogo cha mafunjo, mwanzoni mwa kiangazi. Kwa kawaida hutaga mayai mawili, na aghalabu hulea kinda mmoja tu hadi kukua. Jua linapokuwa kali, mzazi huchota maji kwa mdomo wake na kuyamwagia mayai na kinda ili wasiungue. Kuatamia huchukua karibu mwezi mmoja, na kinda hukaa tagoni zaidi ya miezi mitatu kabla ya kuweza kuruka.

Sasa na tufanye hesabu. Ndege aliyetaga mwezi wa Mei anahitaji maji kulizunguka tago lake mpaka Septemba. Maji hayo ndiyo boma lake, ndiyo ghala lake, na ndiyo dawa ya joto. Yakiondoka Julai, tago hubaki nchi kavu na kinda hajaota mbawa za kutosha. Fisi hufika. Moto wa nyika hufika. Mtu anayekamata makinda kwa ajili ya kuyauza hufika kwa miguu mahali ambapo zamani hata mtumbwi ulipita kwa shida. Mwaka mmoja wa namna hiyo ndege huvumilia, kwa maana huishi miaka mingi. Lakini ikitokea mwaka baada ya mwaka, wazee watabaki wamesimama kinamasini bila mrithi, na sisi tutadhani mambo ni shwari kwa kuwa bado twawaona.

Vivyo hivyo kwa yule korongo mkubwa mwenye mashavu yanayoning'inia, ambaye huchimbua mizizi ya nyasi katika maji ya kina kifupi na kwa kawaida hulea kinda mmoja tu. Vivyo hivyo kwa ndege wahamiaji wanaotoka Ulaya na Asia kukimbia baridi. Hao hufika kwetu mwezi wa Oktoba na Novemba, yaani wakati maji yamefikia chini kabisa, wakiwa wamechoka kwa safari ya maelfu ya kilometa. Wakikuta matope yenye wadudu, wataishi. Wakikuta ardhi iliyopasuka, hawana akiba ya nguvu ya kutafuta kwingine.

NANI ANAYEKUNYWA MAJI YA KINAMASI?

Wapo wanaosema: hiyo ni kazi ya Mungu, mvua zimekuwa haba, sisi tufanyeje? Ni kweli kwamba mvua hubadilika. Lakini ni kweli pia kwamba kuanzia mwaka 2020 Ziwa Tanganyika lilipanda hata likafunika nyumba na barabara ufukweni. Kwa hiyo hatuwezi kusema tu kwamba maji yamekwisha duniani. Siku hizi maji huja mengi kwa mkupuo mmoja, na tena huondoka kwa mkupuo mmoja. Sehemu ya sababu iko katika hali ya hewa ya dunia, ambayo imeharibiwa zaidi na nchi tajiri kuliko na mkulima wa Kaliua. Sehemu nyingine, hata hivyo, iko mikononi mwetu.

Miyombo ya Unyamwezi ndiyo sifongo la kinamasi. Mvua inyeshapo msituni, maji huzama ardhini na kutoka polepole kwa miezi mingi. Msitu ukikatwa, maji hayazami. Hukimbia juu ya ardhi, hubeba udongo, hufurisha mito mwezi wa Februari na kuiacha mitupu mwezi wa Agosti. Udongo ule hujaza mikondo na vidimbwi. Sote twajua ni shughuli gani imekula misitu ya Urambo, Kaliua na Sikonge kwa miongo mingi. Tumbaku huhitaji shamba jipya, na tena huhitaji kuni za kukaushia majani katika mabani. Mkulima hapati utajiri kwa hilo. Mara nyingi hubaki na deni la mbolea. Ila msitu umekwisha kuondoka.

Pamoja na tumbaku yako mambo mengine. Mbuga zinazopeleka maji mtoni zinazibwa kwa majaruba ya mpunga bila mpango wa pamoja. Makundi makubwa ya ng'ombe, yaliyosukumwa na ukame na uhaba wa malisho kutoka kaskazini, hukanyaga kingo za mito. Moto huwashwa ovyo mafunjo yanapokauka. Tena maji yanapobaki vidimbwi, wavuvi hujazana humo na makokoro ya matundu madogo, wakamaliza samaki wazazi ambao mwakani wangejaza Ziwa Sagara upya.

Mtu akisoma orodha hii haraka ataona maskini tu: mkulima mdogo, mfugaji, mvuvi. Hapo ndipo Haki na Amani inapopaswa kuuliza swali la pili. Ni nani anayenunua tumbaku na kupanga bei yake? Nani hutoa vibali vya kuvuna magogo? Nani mwenye ng'ombe elfu anayemwajiri kijana mmoja kuwachunga, kisha faini ikija humwangukia kijana? Nasi wenyewe wa mjini tujiulize mkaa wetu umetoka wapi.

FUNZO LA USANGU

Nchi yetu imekwisha kupita katika jaribu hili mahali pengine, na hatuna budi kujifunza. Katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya, Mto Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Kuanzia mwaka 1993 ukawa unakauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Viboko walirundikana katika vidimbwi vya matope, ndege wa majini wakapoteza malisho yao, na nchi nzima ikataja Ruaha kila umeme ulipokatika.

Wafugaji walilaumiwa. Mwaka 2006 na 2007 waliondolewa Usangu kwa nguvu pamoja na mifugo yao, na familia nyingi zikapoteza ng'ombe na makazi njiani. Je, mto ulirudi? Hapana. Miaka kumi baadaye, mwaka 2017, serikali ililazimika kuunda kikosi kazi cha kuunusuru mto ule ule. Wataalamu waliochunguza bonde hilo walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba sababu kubwa ya ukavu wa kiangazi ilikuwa mifereji ya umwagiliaji, ambayo iliendelea kuchota maji mtoni hata wakati ambapo mashamba hayakuyahitaji sana. Aliyeonekana kwa macho, yaani mfugaji na kundi lake, ndiye aliyeadhibiwa. Mfereji haukuhamishwa.

Tusiruhusu kosa hilo lihamie kwetu. Mkoani Tabora wako wafugaji Wasukuma, na wako ndugu zetu wa Ulyankulu, waliokimbia Burundi mwaka 1972, ambao wengi wao walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Mara maji yanapopungua, kidole huelekezwa kwao kwanza kwa sababu ni wageni au wana wa wageni. Ndege asitumiwe kuwa fimbo ya kumpigia mnyonge. Hifadhi inayojengwa juu ya dhuluma haidumu, kwa maana waliodhulumiwa hawatailinda.

MTU KWANZA AU NDEGE KWANZA?

Swali hili huulizwa katika kila mkutano, na ni swali la haki. Mama anayetembea saa mbili kutafuta ndoo ya maji hawezi kuambiwa amwachie korongo. Sheria yenyewe haisemi hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka utaratibu ulio wazi: kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, pili maji ya kutunza mazingira, ndipo zifuate shughuli nyingine. Kwa maneno mengine, mama mwenye ndoo yuko mbele ya korongo, lakini korongo yuko mbele ya mfereji wa biashara.

Katika matendo tumeugeuza utaratibu huo. Mwenye pampu huchota kwanza, mama hupata masalio, na kinamasi hupata kisichobaki. Ndiyo sababu tunasema kwamba maji ya kinamasi yana wenyewe. Mtu akiyachukua yote si mjanja. Amechukua fungu la mwenzake. Na mwenzake huyo si ndege peke yake. Ni mvuvi wa Nguruka, ni mlina asali wa Ugalla ambaye nyuki wake huhitaji maji, ni mtoto atakayezaliwa Uvinza mwaka kesho.

Papa Yohane Paulo II, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani ya tarehe 1 Januari 1990, aliunganisha amani ya watu na heshima kwa viumbe vyote. Hakuyaona kuwa mambo mawili. Nasi tuliokulia kando ya Malagarasi tunaweza kushuhudia kwamba si mawili: penye kidimbwi kimoja na makundi matano ya ng'ombe, ugomvi hauko mbali.

Neno moja kwa wenzetu wa mjini. Kwa miongo mingi Tabora ilitegemea Bwawa la Igombe, na kila mtu alijua kiangazi kimefika kwa kuona bomba linakohoa. Miaka hii mradi mkubwa umeleta maji ya Ziwa Victoria hadi Nzega, Igunga na Tabora, na tunashukuru kwa hilo. Lakini na tuangalie jambo la ajabu lililotokea: sasa tunakunywa maji ya bonde la Nile, huku mto wetu wenyewe ukielekea Malagarasi, Tanganyika na hatimaye Kongo. Anayepata maji kutoka mbali hushawishika kumsahau jirani aliye chini ya mkondo wake. Tusishawishike.

YATUPASA KUFANYA NINI?

Kwanza, kila halmashauri ya walei iliyo na vijiji kando ya mto iulize kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi, na kama mbuga na vijito vimetajwa humo. Kisichoandikwa hugawanywa kimyakimya.

Pili, tuwemo katika jumuiya za watumiaji maji. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika ndiyo yenye kutoa vibali vya kuchota maji katika bonde hili. Mwananchi ana haki ya kuuliza nani amepewa kibali, cha kiasi gani, na kwa miezi ipi. Kibali cha masika si kibali cha Agosti.

Tatu, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Tuanze na mashamba yetu wenyewe, yakiwemo ya parokia na ya taasisi zetu, kabla ya kumnyoshea mtu kidole.

Nne, mkulima wa tumbaku asiachwe peke yake. Vyama vya msingi vidai kwamba anayenunua tumbaku agharimie pia mashamba ya kuni na mabani yanayotumia kuni kidogo. Na ufugaji wa nyuki, ambao Tabora inasifika kwao, upewe heshima ya kazi kamili. Mlina asali hahitaji kukata mti. Anahitaji mti usimame.

Tano, tusikilize. Wavuvi na wawindaji wa zamani wanajua korongo alitaga mwezi gani walipokuwa vijana, na maji yalifika wapi kila mwezi. Jumuiya iwaite, iandike wanayosema, na kila mwaka ipige alama ya maji katika nguzo moja mtoni, mwezi ule ule. Kumbukumbu hiyo ndogo itatufaa siku tutakapoitwa kutoa maoni juu ya mradi mkubwa, kama ule wa umeme wa megawati 49.5 katika mto huo huo wa Malagarasi. Mradi huo nao hauwezi kuzungusha mitambo kwa mto mkavu.

Ndugu zangu, wakuu wa Uvinza waliwalazimisha matajiri wa misafara kusimama ukingoni na kulipa kabla ya kuvuka. Walijua kwamba mto una thamani, na kwamba apitaye lazima akubaliane na wakaao hapo. Leo hakuna anayesimama. Mwenye pampu, mwenye shoka na mwenye kundi hupita bila kuulizwa. Kazi ya viongozi wa walei ni kuwafanya wasimame tena, si kwa rungu, bali kwa mkutano wa kijiji, kwa sheria iliyopo, na kwa ujasiri wa kumwuliza mkubwa swali lile lile tunalomwuliza mdogo: umechukua maji kiasi gani, na umemwachia nani?